Kutoka Sianidi hadi RNA: Mwongozo Kamili wa Kufuata Kemia ya Chanzo cha Uhai kwa Kalamu na Karatasi

Maelezo mengi kuhusu chanzo cha uhai hufika mahali pagumu kisha yakaparuka: "molekuli ndogo ziliungana, RNA (mnyororo unaobeba taarifa ndani ya seli) ikapatikana." Hapo penye "ziliungana" ndipo kazi yote ilipo. Wanakemia wamehangaika napo kwa zaidi ya miaka 60, na waliyoyapata yanaweza kufuatwa, atomu kwa atomu, na yeyote aliyesoma kemia ya sekondari. Ukimaliza mwongozo huu utakuwa na karatasi yenye njia nzima kutoka molekuli tano ndogo hadi nyukliotidi moja ya RNA, yaani pingili moja ya mnyororo wake yenye sukari, besi na fosfati, na utajua ni wapi njia hiyo bado ina mashimo.

Unahitaji karatasi kadhaa, kalamu za rangi tofauti kwa ajili ya kaboni, haidrojeni, naitrojeni na oksijeni, na jioni moja tulivu. Kazi yote ni ya karatasi. Usijaribu mmenyuko wowote kati ya hii nje ya maabara yenye wataalamu: sianidi ya haidrojeni huua kwa kiasi kidogo sana.

Hatua ya 1: Chora kwanza unachotaka kukipata

Chora pete ya pembe tano yenye oksijeni moja juu na kaboni nne. Kaboni ya tano inaning'inia nje ya pete, upande wa kushoto. Hiyo ni ribozi, sukari ya RNA. Zipe kaboni namba kwa mwendo wa saa, ukianzia na ile iliyo kulia kwa oksijeni. Kwenye kaboni namba 1, upande wa juu wa pete, weka besi: adenini, guanini, sitosini au urasili. Kaboni namba 2 na namba 3 zina OH zinazoelekea chini. Kwenye kaboni namba 5 kuna fosfati, na katika mnyororo wa RNA fosfati hiyo hushikana na kaboni namba 3 ya jirani.

Andika namba hizo kwa herufi kubwa. Utazihitaji katika Hatua ya 4, hasa kaboni namba 1 na namba 2.

Kwa nini RNA na si protini? Kwa sababu RNA hubeba taarifa na pia hufanya kazi. Thomas Cech alionyesha mwaka 1982 kwamba kipande cha RNA kutoka kiumbe mdogo anayeitwa Tetrahymena hujikata chenyewe bila kimeng'enya chochote cha protini. Sidney Altman akapata RNA nyingine yenye uwezo wa kukata, na wawili hao wakatunukiwa Nobeli ya Kemia mwaka 1989. Mwaka 2000 picha za kina za ribosomu, mtambo wa seli unaotengeneza protini, zilionyesha kwamba sehemu inayounganisha asidi amino ni RNA tupu. Maana yake ni kwamba hadi leo, katika kila seli iliyo hai, protini hutengenezwa na RNA. Kwangu huo ndio ushahidi mzito kuliko wote kwamba RNA ilitangulia.

Hatua ya 2: Weka mandhari sawasawa

Dunia ina umri wa takriban miaka bilioni 4.54. Punje za madini ya zirkoni kutoka Jack Hills, Australia, zenye umri wa hadi miaka bilioni 4.4, zinaashiria kwamba maji yalikuwepo mapema mno. Miaka bilioni 3.5 iliyopita tayari kulikuwa na vijidudu vilivyoacha alama kwenye miamba. Kwa hiyo muda tunaouzungumzia uko katikati hapo.

Ondoa oksijeni kwenye angahewa unayoiwazia. Bila oksijeni hakuna ozoni, na bila ozoni mionzi ya urujuanimno ilifika hadi kwenye madimbwi. Jambo hili husahaulika sana, na bila hilo Hatua ya 4 haiwezekani.

Mwaka 1953 Stanley Miller, akiwa mwanafunzi wa Harold Urey katika Chuo Kikuu cha Chicago, alipitisha cheche za umeme kwenye methani, amonia, haidrojeni na mvuke wa maji, akapata asidi amino. Baadaye wanajiolojia walielekea kukubaliana kwamba angahewa ya kale ilikuwa zaidi ya naitrojeni na kaboni dioksidi, na katika mchanganyiko huo mavuno hushuka sana. Hata hivyo jaribio lile lilifichua jambo la kudumu: sianidi ya haidrojeni, HCN, hutokea njiani. Radi, mionzi na migongano ya vimondo vinaweza kuitengeneza. Iandike juu ya karatasi yako. Sumu hii ndiyo malighafi kuu ya safari yote.

Hatua ya 3: Pitia njia ya zamani uone inapokatika

Usiiruke hatua hii. Asiyeona njia ya zamani ilikwama wapi hawezi kuona uzuri wa ile mpya.

Chukua HCN tano ujumlishe atomu zake. Unapata C₅H₅N₅, na hiyo ndiyo adenini kamili, bila atomu kuzidi wala kupungua. Joan Oró alionyesha mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwamba amonia na sianidi zikipashwa moto majini hutoa adenini kweli.

Sasa chukua formaldihaidi tano, CH₂O mara tano. Unapata C₅H₁₀O₅, ambayo ni ribozi. Aleksandr Butlerov aligundua mwaka 1861 kwamba formaldihaidi ikiwekwa katika maji yenye kalisi haidroksidi hugeuka sukari. Tatizo ni kwamba hugeuka sukari za kila namna, ribozi ikiwa sehemu ndogo tu, na ukiuacha mchanganyiko uendelee unaishia kuwa lami ya kahawia. Isitoshe, ribozi haidumu. Katika vipimo vilivyochapishwa mwaka 1995 na kundi la Miller, kwenye maji ya nyuzi 100 za selsiasi yasiyo na asidi wala alkali, nusu ya ribozi iliharibika kwa dakika 73. Kwenye nyuzi 0, kwa miaka 44. Boroni husaidia: mwaka 2004 kundi la Steven Benner lilionyesha kwamba madini yenye borati hushika ribozi na kuizuia isiharibike upesi.

Tuseme basi umepata adenini na ribozi. Ziunganishe. Chora mstari kutoka naitrojeni ya adenini hadi kaboni namba 1 na utoe maji. Kwenye karatasi ni rahisi. Kwenye chupa, Leslie Orgel na wenzake walipashia mchanganyiko mkavu moto wakapata asilimia chache tu. Walipojaribu sitosini na urasili hawakupata kitu. Sababu yake ni ya kikemia kabisa: naitrojeni inayopaswa kushika sukari imeshiriki elektroni zake na pete nzima ya besi, hivyo haina elektroni za kutoa kwa kaboni namba 1. Unaweza kuongeza joto, chumvi au muda, lakini naitrojeni hiyo haitabadilika tabia.

Kwa takriban miaka 40 kiungo hiki kimoja, kati ya besi na sukari, kilikuwa ukuta. Kiwekee alama nyekundu kwenye mchoro wa Hatua ya 1.

Hatua ya 4: Fuata njia ya mwaka 2009, atomu kwa atomu

Mwaka 2009 Matthew Powner, Béatrice Gerland na John Sutherland wa Chuo Kikuu cha Manchester walichapisha katika jarida la Nature njia isiyohitaji kuunganisha besi na sukari hata kidogo. Badala ya kutengeneza nusu mbili na kuzigundisha, walianza na kipande kidogo ambacho ndani yake kiungo kile kigumu kimekwisha kuwepo, kisha wakaijenga sukari upande mmoja na besi upande wa pili.

Andika molekuli tano: sianamidi (CH₂N₂), glikolaldihaidi (C₂H₄O₂), gliseraldihaidi (C₃H₆O₃), sianoasetilini (C₃HN) na asidi ya fosforiki (H₃PO₄).

Anza na sianamidi na glikolaldihaidi. Jumla ni C₃H₆N₂O₂. Toa molekuli moja ya maji, inabaki C₃H₄N₂O. Hiyo ni 2-aminooksazoli, pete ndogo yenye kaboni tatu, naitrojeni moja na oksijeni moja, na naitrojeni ya pili ikining'inia nje. Itazame vizuri, kwa sababu si sukari na si besi: kaboni mbili za glikolaldihaidi zitakuwa kaboni namba 1 na namba 2 za sukari, na ile kaboni yenye naitrojeni mbili itakuwa sehemu ya besi. Kiungo ulichokiwekea alama nyekundu tayari kimo. Kimepatikana kabla sukari haijakamilika na kabla besi haijakuwepo.

Hapa pana jambo lililowashangaza hata wenyewe. Bila fosfati, mmenyuko huu huhitaji alkali kali, na katika alkali kali glikolaldihaidi huanza safari ya kuelekea lami. Fosfati ikiwemo tangu mwanzo, mmenyuko huenda vizuri katika maji ya kawaida, maana fosfati hutuliza asidi na alkali na pia hufanya kazi ya kichocheo. Watafiti wa zamani waliiweka fosfati mwishoni kwa sababu kwenye nyukliotidi ndiyo inayoonekana kuwa ya mwisho kubandikwa. Ilipaswa kuwa chomboni muda wote.

Ongeza gliseraldihaidi. C₃H₄N₂O na C₃H₆O₃ ni C₆H₁₀N₂O₄, na safari hii hakuna maji yanayotoka. Unapata aminooksazolini za sukari nne zenye kaboni tano: ribozi, arabinozi, zailozi na liksozi. Chukua ile ya arabinozi. Ndiyo, arabinozi, ambayo tofauti yake na ribozi ni moja tu: oksijeni ya kaboni namba 2 inaelekea juu badala ya chini. Inaonekana kama tumekosea njia. Subiri kidogo.

Ongeza sianoasetilini. C₆H₁₀N₂O₄ na C₃HN ni C₉H₁₁N₃O₄. Kaboni tatu za sianoasetilini zinafunga pete ya besi, na sasa una anhidrositidini, yaani sitosini iliyokaa juu ya arabinozi, na daraja la oksijeni kati ya kaboni namba 2 na besi.

Mwisho fosfati, pamoja na joto na yurea. Fosfati hukaa kwanza kwenye oksijeni ya kaboni namba 3, upande wa chini wa pete. Kutoka huko chini hugeukia kaboni namba 2 na kuishambulia kwa nyuma, daraja la oksijeni linavunjika upande wa juu, na oksijeni mpya ya kaboni namba 2 inaelekea chini. Arabinozi imegeuka ribozi. Hesabu: C₉H₁₁N₃O₄ na H₃PO₄, toa maji, unapata C₉H₁₂N₃O₇P. Hiyo ni nyukliotidi ya sitosini yenye fosfati iliyoshika kaboni namba 2 na namba 3 kwa pamoja.

Rudia mchoro wa hatua hii ya mwisho mpaka mkono wako uuzoee. Ile oksijeni iliyoelekea upande usiofaa ndiyo iliyoshika besi upande wa juu, mahali pake hasa, na ilipomaliza kazi ikaondoka. Sijaona katika kemia hii yote jambo la kupendeza kuliko hili.

Bado urasili. Angazia mchanganyiko kwa mionzi ya urujuanimno. Sehemu ya sitosini hupokea maji na kutoa amonia, ikawa urasili. Mionzi hiyohiyo huharibu molekuli za pembeni zisizotakiwa kuliko inavyoziharibu nyukliotidi zenyewe. Besi za RNA huvumilia urujuanimno kuliko jamaa zake wengi, nami siamini kwamba ni bahati tu.

Hatua ya 5: Ihoji njia hiyo

Sasa vaa kofia ya mpinzani. Kwa kila molekuli uliyoiandika, uliza ilitoka wapi, ilikuwa nyingi kiasi gani, na nani aliizuia isiingie kabla ya zamu yake.

Glikolaldihaidi na gliseraldihaidi zimejibiwa vizuri. Kundi la Sutherland, likiwa limehamia Cambridge katika maabara ya biolojia ya molekuli ya MRC, baraza la utafiti wa tiba la Uingereza, lilionyesha mwaka 2012 na 2015 kwamba HCN, ikiwa na sulfidi ya haidrojeni, shaba na mionzi ya urujuanimno, huzaa sukari hizo ndogo, na katika mtandao huohuo wa mimenyuko hutoka vitangulizi vya asidi amino na vya mafuta.

Wingi wa HCN ni swali gumu zaidi, kwa kuwa bahari huizimua. Jibu linalopendekezwa ni chuma: chuma kilichoyeyuka kwenye ziwa hushika sianidi na kuwa ferosianidi, chumvi yake ikajilimbikiza ziwa linapokauka. Baadaye joto la volkano au la kimondo linaivunja, na ikiwa chumvi hiyo ni ya kalisi, sianamidi inaweza kutoka humo pia.

Fosfati nayo kwa kawaida hufungwa na kalisi ikawa jiwe la apatiti lisiloyeyuka. Jonathan Toner na David Catling wa Chuo Kikuu cha Washington walionyesha kwamba katika maziwa ya magadi kabonati humaliza kalisi kwanza, na fosfati ikabaki majini kwa wingi. Maziwa ya aina hiyo yapo hadi leo: Mono huko California, Magadi nchini Kenya, Lonar nchini India.

Zamu ndiyo sehemu dhaifu. Njia ya 2009 inadai glikolaldihaidi iingie kwanza na gliseraldihaidi baadaye, na sianoasetilini isiwepo mapema. Mwaka 2017 Powner, akiwa University College London, alionyesha kwamba molekuli iitwayo 2-aminothiazoli huzifanya sukari mbili hizo ndogo zigande kama fuwele kwa nyakati tofauti, kwa hiyo zinaweza kujitenga zenyewe. Ni jibu zuri kwa sehemu moja. Kwa sianoasetilini bado tunategemea vijito viwili vilivyokutana kwa wakati unaofaa, na hapo mpinzani ana haki ya kutikisa kichwa.

Utasikia pia kwamba uhai ulianzia kwenye matundu ya maji moto chini ya bahari, kama yale ya Lost City yaliyogunduliwa mwaka 2000 katika Atlantiki. Ni wazo lenye nguvu zake, hasa kuhusu nishati. Ila kumbuka: urujuanimno haufiki kule, na hakuna kinachokauka. Huwezi kuchukua njia ya Hatua ya 4 ukaiweka chini ya bahari.

Hatua ya 6: Ongeza adenini na guanini

Njia ya sitosini haizai besi hizi mbili. Mwaka 2016 kundi la Thomas Carell mjini Munich lilitumia kipande kiitwacho formamidopirimidini, ambacho hushika ribozi kwenye naitrojeni sahihi kisha hujifunga kuwa adenini. Mwaka 2019 kundi hilohilo lilitoa aina zote mbili za nyukliotidi, zenye besi za pete mbili kama adenini na zenye besi za pete moja kama sitosini, kwa mizunguko ya kulowa na kukauka. Lakini njia yao inahitaji ribozi iliyo tayari, na hapo unarudi kwenye lami ya Butlerov. Mwaka 2020 kundi la Sutherland nalo lilipata sitosini na urasili za RNA zikiwa pamoja na adenini ya DNA katika mfumo mmoja. Huenda molekuli za kwanza zilikuwa mchanganyiko wa RNA na DNA, na usafi ukaja baadaye.

Hatua ya 7: Mkono wa kulia na wa kushoto

Chora gliseraldihaidi na taswira yake kwenye kioo. Kemia ya kawaida huzaa zote mbili sawasawa, ilhali RNA hutumia aina moja tu. Aminooksazolini ya ribozi hugeuka fuwele kwa urahisi, na mwaka 2023 watafiti wa Harvard walionyesha kwamba ikigandia juu ya magnetiti, madini ya chuma yenye usumaku, fuwele zinazopatikana huwa za mkono mmoja.

Hatua ya 8: Soma habari za vimondo kwa makini

Kimondo cha Murchison kilianguka Australia mwaka 1969, na mwaka 2019 ribozi ilitangazwa kupatikana ndani yake. Chombo cha anga cha NASA, OSIRIS-REx, kilileta gramu 121.6 za asteroidi Bennu mwezi Septemba 2023. Mwaka 2025 ikatangazwa kwamba zina besi zote tano za DNA na RNA, na asidi amino 14 kati ya 20 zitumiwazo na uhai. Ukiona vichwa vya habari vikisema "uhai ulitoka angani", rudi kwenye alama yako nyekundu. Besi na sukari zilizo kando kando ni hali ya Hatua ya 3. Kiungo bado hakipo.

Hatua ya 9: Kutoka nyukliotidi hadi mnyororo unaonakiliwa

James Ferris alionyesha kwamba nyukliotidi zilizochangamshwa, yaani zilizobandikwa kipande kinachorahisisha kuungana, zikiwekwa juu ya udongo wa mfinyanzi uitwao montmoriloniti, huungana kuwa minyororo ya takriban nyukliotidi 50. Mwaka 2022 kundi la Benner lilipata minyororo ya zaidi ya nyukliotidi 100 juu ya kioo cha basalti, ingawa lilianza na nyukliotidi zenye fosfati tatu ambazo asili yake ni swali lingine.

Katika minyororo hii baadhi ya viungo hupita kwenye kaboni namba 2 badala ya namba 3. Kundi la Jack Szostak liligundua kwamba RNA yenye makosa machache ya aina hiyo bado hufanya kazi, na nyuzi zake mbili huachana kwa joto dogo zaidi, jambo ambalo unakili unalihitaji.

Maliza kwa kuchora kiputo cha asidi za mafuta chenye RNA ndani yake. Kunakili RNA bila kimeng'enya kunahitaji ayoni nyingi za magnesi. Weka magnesi hiyo kwenye mchoro wako, na utando wa kiputo unaharibika, kwa kuwa magnesi hushika asidi za mafuta na kuzigandisha. Mwaka 2013 Katarzyna Adamala na Szostak walitatua mgongano huu kwa kuongeza sitrati, chumvi ya asidi iliyomo kwenye ndimu, ambayo huishika magnesi kiasi cha kuokoa utando huku unakili ukiendelea. Hakuna ajuaye bado ni nini kilichofanya kazi ya sitrati kwenye dimbwi la kale, na molekuli hiyo ndiyo ya kutafuta katika makala ya utafiti inayofuata utakayoisoma.